Jozi Mbili za Glavu

Darasa letu liko Pasua, nyuma ya fundi wa kuchomelea mageti.
Saa moja jioni, wapagazi kumi na wanne,
wagumu, kama tunavyojiita,
mabegani bado tuna alama za mikanda.
Ada elfu tano kwa wiki. Chaki tunanunua wenyewe.
Mwalimu Ndewirwa anaandika vitenzi viwili ubaoni;
cheche za jirani zinamulika kimoja, kingine kinabaki gizani:

lend
borrow

"Hawa si mapacha," anasema. "Wanapishana mlangoni tu,
mmoja akitoka, mwenzake anaingia."
Kisha anatukaririsha, akigonga meza kwa rula:

Lend ni mkono kutoa, borrow mkono kupata;
ukikosa kutambua, baridi itakukuta.

Alitafuta kina tu. Hakujua.

Felichesmi ananyoosha kidole:
kwa nini vitenzi vyao havina mkia?
Sisi tuna kopa, kopesha. Funza, jifunza. Sikia, sikiliza.
Mzizi ni ule ule, kama mgomba na chipukizi lake.
Kwao kila tendo lina ukoo wake,
say hamjui tell, hear hamsalimii listen,
unakutana nao njiani na kila mmoja anataka umkumbuke jina.
Mwalimu anacheka. "Na azima je?
Nimeazima jembe. Niazime jembe. Haya, jembe liko kwa nani?"
Tukanyamaza wote.

Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine.

Machi, kambi ya Barafu, saa sita kasorobo usiku.
Mgeni wetu Maureen, mama mwembamba, mwalimu mstaafu,
amevaa glavu za kuendeshea baiskeli.
Mimi nina za sufu, nene, alizonifumia dada yangu Manka kule Kibosho.
Nikazivua, nikazibana kwapani zisipoe,
nikamwambia kwa Kiingereza nilichookota njiani, kipande hapa, kipande pale:
"You borrow me gloves."
Kichwani mwangu ilikuwa zawadi.

Akanitazama usoni.
Akatazama mikono yangu mitupu, imepauka kama magome.
Kwapani hakutazama.
Akavua zake, moja kwa mkono, ya pili kwa meno,
akanivisha taratibu kama mtoto wa chekechea,
akaitia mikono yake mifukoni.
Nilitaka kusema hapana, si hivyo.
Kiingereza changu kilikuwa kimeisha.
Kiongozi akapiga mluzi, taa za vichwani zikaanza kupanda,
nami nikabaki kambini, ndiyo kazi yangu,
kulinda mahema,
nikiwa na jozi mbili za glavu.

Walimgeuzia Stella. Hakufika kileleni.
Alishuka saa nne asubuhi, vidole viwili vimekuwa kama nta,
akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa nakunja hema
akaniuliza kama nilipata joto.

Kwetu ukimkosea mtu unambebea jani la sale,
unasimama mlangoni kwake, hata usiposema ameshaelewa.
Nimpelekee. Au nimletee?
Hilo ni somo la Alhamisi, take na bring,
na mwalimu amesema yote inategemea umesimama wapi.
Nimesimama Pasua.
Ndege yake iliondoka KIA Jumapili ile ile.

Leo jaribio. Swali la saba, jaza nafasi:
I ______ her my gloves.
Herufi nne. Wakati uliopita. Mkono kutoa.
Kalamu yenyewe si yangu, nimeiazima kwa Felichesmi,
na wino unakwama kwama.
Nne, tano, sita nimejaza. Nane, tisa nimejaza.

Mwalimu anapita nyuma yangu, anainama,
kucha yake imegusa lile pengo:
"Hiki si unakijua?"

Nakijua, mwalimu.
Sikukitenda.